Weupe Juu ya Weupe

Tarehe 4 Machi

Kwa Mchunguzi Mkuu wa Ajali za Ndege,

Kuhusu: Kupinga ripoti ya awali inayomtia hatiani ndugu yangu

Husika na mada iliyotajwa hapo juu.

Mimi ninayekuandikia ni mwanamke mtu mzima, mwandishi wa barua za maombi, ninayefanya kazi yangu barazani mkabala na ofisi ya ardhi. Shule niliiacha mapema ili mdogo wangu aendelee nayo. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa kuzisoma barua za wakubwa na kuziandika upya mpaka mkono ukazoea. Wenye maneno yao wameniita Bi Husika, kwa sababu ya namna ninavyofungua barua. Sikasiriki. Huyo Bi Husika amewarudishia watu viwanja vyao.

Mdogo huyo niliyemwachia shule ndiye rubani wa ile ndege ya injini moja iliyoanguka katika shamba la alizeti mwezi uliopita. Injini ilinyamaza ikiwa angani, naye akaishusha ndege kwa mikono yake katikati ya alizeti. Abiria wote wanaishi. Mama mmoja alivunjika nyonga, na ndugu yangu mfupa wa bega. Ndege nzima ya watu ilirudi ardhini ikiwa hai, na malipo ya aliyeirudisha ni sentensi hii ya ripoti yako: “Mafuta yalikuwemo matangini, injini ilikosa mafuta, hivyo yaelekea rubani hakuyasimamia ipasavyo.”

Hiyo “hivyo” umeitoa wapi? Maji yakikosekana bombani na tangi limejaa, anayetafutwa ni fundi bomba, hasutwi mwenye kiu.

Nina hakika, na uhakika wangu hautikisiki, kwamba mafuta yale yalikuwa na maji au taka, na kwamba kampuni yenye ndege inalijua hilo. Bawa la kulia hamkulifungua. Limelala kifudifudi uani kwenu kama mlevi aliyekosa wa kumwamsha. Kwa hiyo ninaomba, na katika kuomba kwangu ninadai:

Bawa hilo lifunguliwe. Kila mkono ulioigusa ndege siku ile uandikwe, kwa jina kamili la mwenye mkono, bila kuangalia sura ya mtu wala ukoo wake. Nikikosa jibu nitaandika kwa aliye juu yako, na akikosa kunijibu huyo, nitaandika kwa aliye juu yake. Kalamu ninazo.

Wako katika kutafuta haki,
Dada wa Rubani


Tarehe 11 Machi

Mama,

Barua yako imepokelewa na imesomwa na mimi mwenyewe.

Ripoti ya awali si hukumu. Nilichoandika ni kile nilichokuta: mafuta kwenye matangi yote mawili, na injini isiyo na hitilafu iliyozimika kwa kukosa mafuta. Kati ya tangi na injini kuna valvu ambayo rubani huifungua na kuifunga. Nimeandika “yaelekea”. Neno hilo nililiweka kwa makusudi.

Bawa la kulia halijafunguliwa kwa sababu ni zito na limejikunja. Ofisi hii haina winchi. Kampuni yenye ndege iliahidi kuleta ya kwake, na ninaingoja.

Kuhusu majina, ripoti zetu haziandiki majina ya watu. Huandika kazi: rubani, fundi, meneja. Tunatafuta sababu ili ndege nyingine isianguke. Kulipiza kisasi si kazi yetu.

Na mimi nina ombi kwako. Ndugu yako nimemhoji mara kadhaa. Nikimuuliza valvu ilikuwaje, hujibu kwamba hakumbuki. Nikimuuliza kama alikagua chini ya mabawa kabla ya kuruka, hutazama dirishani. Mtu aliyeweza kuishusha ndege namna ile hawezi kuwa amesahau kila kitu isipokuwa kuniomba radhi. Kama unamtakia mema, mwambie aseme.

Mchunguzi Mkuu


Tarehe 13 Machi

Kwa Mdogo wangu,

Kuhusu: Ububu wako

Husika na mada iliyotajwa hapo juu, na usicheke, maana safari hii sina mzaha.

Nimepata barua ya Mchunguzi. Nilimtazamia mtu wa kujibu ovyo nimmeze mzima mzima, nikamkuta anajibu kwa mpangilio. Jambo hilo limeniudhi maradufu. Lakini lililonikata maini ni kusikia kwamba wewe, uliyekuwa ukibishana na mwalimu wa hesabu mpaka anafuta ubao, sasa ukiulizwa unatazama dirishani. Dirishani kuna nini?

Tangu lini Kishada akawa hana upepo? Jina hilo nilikupa mimi, ulipopanda juu ya paa la jirani na kishada chako cha gazeti, ukavunja vigae vinne, ukashuka ukiwa na majibu ya kila kigae. Leo umevunja ndege na huna jibu hata moja?

Kama wamekutisha, niambie ni nani, nimwandikie. Kama ni aibu, ivue, haikukai. Umelala kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, bega limefungwa, na mjini huku madereva wa teksi wananiuliza eti ni kweli rubani alisahau kufungua mafuta. Nilimjibu mmoja wao kwamba akumbuke kwanza kufungua kinywa chake kwa mswaki.

Mpwa wako naye sijui amepatwa na nini. Tangu siku ile hali akashiba. Anarudi kutoka kazini, anakaa jikoni na sahani mbele yake, anaitazama mpaka chakula kinapoa. Nikimtajia ndege anaondoka. Nafikiri ni huruma juu yako, maana wewe ndiye uliyemtafutia kazi ile ya kuosha ndege, na siku zote amekuona kama baba. Angalau yeye anaonyesha uchungu.

Ninarudi kwa Mchunguzi. Bawa litafunguliwa, nisipoandika mimi jina langu si langu.

Dada yako,
ambaye bado hajachoka


Tarehe 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Bega linaendelea vizuri, tatizo ni kulala. Mwenye nyumba ana jogoo ambaye nadhani naye alikosa mafunzo ya saa.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nilicheka kwenye mswaki, halafu sikucheka tena.

Dada, nakuomba kitu kimoja, na tangu utoto sijakuomba vitu vingi. Achana na lile bawa. Mwache yule mzee aandike anachoandika. Kosa ni langu. Rubani ndiye mwenye ndege kuanzia anapoizunguka kuikagua mpaka anapozima injini. Chochote kilichotokea kati ya hapo ni changu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyoamini. Watanichukulia leseni, sawa. Nitafundisha watoto hesabu, nitafuta ubao wao.

Hakuna aliyenitisha. Usimwandikie mtu.

Na huyo mpwa wangu mwambie ale. Mwambie mjomba amesema ale, na kwamba hakuna chochote cha kumkosesha usingizi. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, usiyanyooshe.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Kwa Mchunguzi Mkuu wa Ajali za Ndege,

Kuhusu: Bawa, winchi, na chai

Husika na mada tatu zilizotajwa hapo juu.

Ndugu yangu amenijibu. Anasema kosa ni lake. Mimi nimemlea mtu huyo. Anaposema kosa ni lake kabla ya kuulizwa ni lipi, ujue kuna mtu nyuma yake anayefichwa, na mimi sitakubali afiche mtu kwa kutumia jina la baba yetu kama pazia.

Jana nilifika ofisini kwako. Hukunipokea. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, lile lenye mguu uliofungwa kwa waya, nikasubiri kama mgonjwa. Mlango wako ulipofunguliwa, alitoka meneja wa kampuni yenye ndege, akijifuta mdomo kwa leso. Nyuma yake niliona meza yako, na juu ya meza vikombe viwili. Anayechunguza na anayechunguzwa wanakunywa chai pamoja, halafu mwenye malalamiko anaambiwa na karani kwamba mkubwa ana shughuli. Shughuli niliiona. Ilikuwa bado inatoa mvuke.

Nikazunguka nyuma uani. Bawa nililikuta. Kuku wamelifanya nyumba. Mlinzi, kijana wa watu mwenye adabu zake, aliniambia kwamba hata wakitaga humo hawaulizwi kibali. Nililishika lile bati kwa kiganja changu, nikajiambia: chini ya hapa pamelala jina la mdogo wangu, na waliopewa kazi ya kulinyanyua wanakoroga sukari.

Kwa hiyo ninaandika kwa mara ya mwisho kwa lugha ya kuomba. Winchi ya kampuni hutaiona, maana fisi hawezi kuombwa alete kamba ya kujifungia. Katika mtaa wangu yuko mwenye gari la kuvuta malori yaliyokwama. Nilimwandikia barua ya kiwanja, namdai shukrani. Siku utakayosema, gari litakuwa getini. Nataka liinuliwe mbele ya mashahidi, na lolote litakalokutwa liandikwe kama lilivyo, liwe limemgusa mkubwa au mdogo, wa kwako au wa kwangu.

Nimelirudia neno hilo ili usiseme hukulisoma: au wa kwangu.

Dada wa Rubani


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Gari la jirani yako lilifika, na bawa limeinuliwa mbele ya mashahidi. Nakuandikia kabla ripoti haijatoka, kwa sababu wewe ndiye uliyelileta gari.

Mafuta tumeyapima. Hayana maji wala taka. Katika hilo ulikosea.

Lakini tangi lenyewe limebonyea kuelekea ndani, kama chupa ya plastiki iliyonyonywa na mtoto. Chini ya kila bawa kuna tundu dogo ambalo tangi hupumulia. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa isipoingia, tangi hujinyonga lenyewe polepole, mafuta yanakataa kutoka, na injini inazimika huku tangi lina mafuta. Tundu la bawa la kulia limezibwa kwa utepe wa gundi. Utepe ni mweupe, rangi ile ile ya bawa.

Utepe huo si wa ajabu. Ndege ikioshwa, matundu huzibwa maji yasiingie, kisha hufunguliwa. Lakini kila mahali duniani huzibwa kwa utepe mwekundu, tena wenye mkia unaoning'inia, ili hata kipofu wa nusu jicho aone kwamba haujatolewa. Mweupe sijapata kuuona.

Kwenye tundu la bawa la kushoto, ambalo halikugusa ardhi, hakuna utepe. Kuna gundi yake tu, mraba mzima, na kona moja imekwanguliwa kwa ukucha. Utepe ule haukung'olewa na upepo wala alizeti. Kuna mtu aliuvua kwa mkono baada ya ndege kuanguka, na kabla waokoaji hawajafika, hapo alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua matundu hayo yako wapi.

Ndege iliyooshwa ina muoshaji wake. Kampuni imenijulisha ni nani, na anakoishi. Ni nyumba iliyoandikwa juu ya bahasha zako. Sikuandikii kukuomba ruhusa. Nitamwita, kama ambavyo ningemwita mtoto wa mwingine yeyote.

Kuhusu vikombe, kimoja kilikuwa changu cha asubuhi, na cha pili changu cha mchana. Meneja alikuja kuniambia kwamba winchi yake imeharibika. Sikumpa chai.

Mchunguzi Mkuu


Tarehe 3 Aprili

Mama,

Barua hii naiacha chini ya sufuria kwa sababu najua hapo ndipo utakapoangalia kama nimekula. Nimeenda kwa mjomba. Naandika kwa kuwa ukianza kutoa hoja, mama, mtu hapati pa kuingilia, na mimi nikianza kulia nitanyamaza, na nimenyamaza vya kutosha.

Jana usingejifungia chumbani na ile bahasha nisingejua. Nimeiona mezani asubuhi. Nimeisoma.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyeziba.

Siku ile meneja alileta mpiga picha. Walitaka picha ya kubandika ukutani ofisini kwao, ndege inang'aa, abiria wanapanda. Tukaambiwa tuoshe upya ingawa ilikuwa safi. Nikaziba matundu kwa utepe mwekundu kama kawaida. Mpiga picha akalalamika, eti kila akipiga kuna mikia inaning'inia chini ya mabawa kama nguo za ndani. Watu wakacheka. Meneja akaja, akaniita kwa jina nililopewa kazini, akasema, “Povu, toa huo uchafu, weka mweupe. Picha kwanza.” Nikamwambia mwekundu ndiyo sheria. Akaniuliza nani kanifundisha sheria, mama yangu? Akauchukua mzingo wote wa utepe mkononi mwangu, akauvaa kwenye kiwiko cha mkono wake kama bangili, nisije nikautumia tena.

Nikaweka mweupe. Nilikuwa nitoe wakimaliza. Halafu nikaitwa ndani nikafute viti, abiria wameshafika, halafu nikaambiwa nishike ule ubao wa kuakisi mwanga, halafu mpiga picha akasema jua limekuwa zuri sasa hivi, waruke sasa hivi. Mjomba alikuwa anaizunguka ndege kuikagua, na meneja anatembea naye bega kwa bega, anamhimiza, anamwambia tabasamu. Injini ikawaka. Nilikuwa nimeshika ubao. Nilikumbuka ikiwa imeshainua pua.

Nilikimbia, mama. Nilikimbia kwenye njia ya ndege nikipunga mikono. Picha moja nimo, kwa mbali. Walisema nimependeza, nimeonekana nawaaga.

Meneja aliniita baadaye. Alisema rubani ameshakubali makosa, nikae kimya, kazi yangu ipo. Mjomba hakuwahi kuniambia kitu. Nilipoenda kumwona hospitali alinishika kichwa tu akaniuliza kama nimekula. Wote mnaniuliza kama nimekula.

Mwanao


Tarehe 6 Aprili

Kwa Mdogo wangu na kwa Mwanangu, mlioko chumba kimoja,

Kuhusu: Yale mliyonifanyia

Husika na mada iliyotajwa hapo juu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitoboa karatasi.

Mdogo wangu, uliuvua utepe ule ukiwa na bega lililovunjika. Ninaliona. Ulishuka, ukawatoa watu, ukainama chini ya bawa, ukaijua kazi ya mpwa wako kwa kuitazama tu, ukaikwangua kwa ukucha. Mjomba ni mama, wahenga walisema, na wewe umeutimiza umama mpaka ukapitiliza. Lakini hukuniuliza mimi niliyemzaa. Uliniacha nikitembea na kalamu yangu mji mzima, nikidai majina, nikidai bila kuangalia sura, nikimchimbia mwanangu shimo kwa mwandiko wa kupendeza, nawe ukijibu kwamba jogoo anakunyima usingizi. Nimekasirika. Sijui kama nitaacha.

Mwanangu, nawe umekaa jikoni kwangu siku zote hizo ukiitazama sahani. Uliona ni afadhali mjomba wako aitwe mzembe hadi kaburini kuliko mimi nikutolee hoja. Hilo ni kosa lako, na kwa hilo nimekasirika pia. Lakini lipo kosa langu ndani yake, na hilo silijadili kwa barua.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilikwenda ofisi ya tiketi ya kampuni. Nilikwenda kupiga kelele, sitasema uongo. Viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kusitasita, watu wanangoja na mizigo yao. Na ukutani, kubwa kuliko mlango, hiyo picha. Ndege inang'aa. Abiria wanapanda. Chini ya bawa amesimama meneja, mkono mmoja ameuinua kama anayeonyesha mali yake, na kwenye mkono huo amevaa bangili nyekundu. Nikasogea. Si bangili. Nikalitazama bawa juu ya kichwa chake. Ukitazama kama mtu anayetafuta, unaona kipande kilicho cheupe kuliko weupe unaokizunguka.

Walijipiga picha wenyewe, wakaikuza, wakaibandika.

Meneja alitoka chumbani kwake kwa sababu ya sauti yangu. Aliniingiza ndani kwa heshima zote, akaniwekea kiti. Alizungumza vizuri, kama mtu anayepanga vyombo. Alisema rubani amekubali, familia itatulia, Povu atabaki kazini, tena atapandishwa. Nikichokonoa, wa kwanza kuanguka ni aliyebandika utepe. “Mama, ukirusha jiwe, aliyesimama mbele yangu ni mwanao.”

Nilimwambia, “Basi atasogea. Nimemlea akiwa na miguu.”

Mtu huyo anategemea tupendane kwa kufichana. Alijua mjomba atamficha mpwa, mpwa atamwogopa mama, na mama akijua atameza kalamu. Amejengea nyumba yake juu ya mapenzi yetu, bila hata kulipa pango.

Mwanangu, sitakutaja. Wala sitakuficha. Nenda mwenyewe kwa Mchunguzi kabla hajakuita. Ni mtu mkavu, lakini anajibu barua. Yaseme yote, na la mkono wa meneja uliseme kwa sauti.

Mdogo wangu, na wewe nenda. Peleka kile ulichokivua, kama bado unacho. Najua unacho.

Dada na Mama


Tarehe 10 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Ninacho. Kilikuwa ndani ya kifuko cha miwani. Kimeshika vumbi la alizeti.

Nataka ujue jambo moja, halafu unikasirikie vizuri ukiwa na habari kamili. Mimi nilipita chini ya lile bawa. Nilitazama. Meneja alikuwa ananisemesha, lakini macho yalikuwa yangu. Nilitafuta chekundu, sikuona chekundu, nikapita. Miaka yote nimejifunza kutafuta mkia unaoning'inia, na siku hiyo kulikuwa na weupe juu ya weupe. Ningepitisha kidole ningegundua. Sikupitisha. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu sikuwa nadanganya lote. Nilikuwa nadanganya kwamba ni langu peke yangu.

Tumetoka kwa yule mzee leo. Povu aliongea wa kwanza. Hakulia hata kidogo, nikalia mimi, mzee akanisukumia kikombe cha chai. Nilifikiria ile habari ya vikombe aliyonisimulia Povu, nikashindwa kunywa.

Ameshaambiwa asirudi kazini. Anasema ana njaa.

Mdogo wako


Tarehe 15 Aprili

Kwa Mchunguzi Mkuu wa Ajali za Ndege,

Kuhusu: Ombi la mwisho katika shauri hili

Husika na mada iliyotajwa hapo juu.

Kwanza, ninaondoa neno langu kuhusu chai. Mengine yote yabaki.

Pili, nimepata habari kwamba picha ya ukutani imeshushwa, na mahali pake pametundikwa kalenda. Nimefarijika kusikia kutoka kwa mwanangu kwamba ulimtangulia meneja kwa mpiga picha, na kwamba unayo ile picha yenyewe. Ninakupongeza, ingawa ilikuwa kazi yako.

Tatu, meneja ameeneza mjini kwamba ajali imesababishwa na muosha ndege mzembe, na kwamba kampuni imeshamfukuza kwa ajili ya usalama wa abiria. Watu wameamini upesi, kama walivyoamini upesi la rubani. Wananijia barazani kunipa pole. Wengine wananishauri nikuandikie kuomba shauri lifungwe hapo lilipo, maana sasa ni damu yangu kwa pande zote mbili. Nimewaandikia barua zao za viwanja, basi.

Silifungi. Katika barua yangu ya kwanza nilidai majina yaandikwe bila kuangalia sura ya mtu wala ukoo wake. Nililidai nikidhani ukoo ni wa wengine. Umenieleza kwamba ripoti zako hazitaji majina, hutaja kazi. Nimelitafakari na ninaliona ni sawa, kwa sharti moja: zitajwe kazi zote.

Iandikwe kwamba muosha ndege alibandika utepe mweupe akijua sheria ni mwekundu, na hakuutoa. Iandikwe kwamba rubani alipita chini ya bawa asipitishe kidole, na kwamba baada ya ajali alivua ushahidi kwa mkono wake. Najua leseni yake itakwenda, kwa muda au moja kwa moja. Iende kwa alichofanya, nami nitanyamaza. Kwa asichofanya ningekuja kwako mpaka uzeeni.

Na iandikwe, kwa wino ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule, kwamba meneja aliuchukua utepe mwekundu mkononi mwa aliyeijua sheria, akauvaa, akapigwa picha nao. Asiandikwe kama “mazingira ya kazi”. Asiandikwe kama “haraka iliyokuwepo”. Haraka haina mkono wa kuvaa kitu.

Lile gari la kuvuta malori bado lipo, na mwenyewe bado namdai shukrani, endapo kutakuwa na kizito kingine cha kuinua.

Nimeisoma barua hii mara mbili na sikuona cha kufuta. Ninaitia sahihi ipasavyo, jambo ambalo sikulifanya katika zile zilizotangulia.

Dada wa Rubani,
na Mama wa Muosha Ndege